Tochi ya Kukagulia Rangi ya Motokaa

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ambayo kwa kuitaja tu yaweza kuonekana ndogo, nayo ni habari ya kuchagua tochi. Sisemi tochi ya kumulikia njia usiku, wala ya kumfukuzia fisi zizini, bali tochi ya kukagulia rangi ya motokaa kabla mtu hajatoa fedha yake kuinunua. Najua wako watakaosema, "Mwalimu huyu amekosa la kutufundisha." Nawaomba mnivumilie kidogo, maana neno hili nililijua kwa kulipa, wala sipendi mtu mwingine alijue kwa njia ile.

Tuanze na jambo tulijualo sote. Hapa kwetu Mara, tangu Musoma mpaka Bunda na Butiama, hakuna mtu mzima mwenye akili anunuaye ng'ombe gizani. Huenda mnadani mchana, akamtazama mnyama macho, akamfungua kinywa apate kuona meno, akampapasa ngozi, akamtembeza aone kama anachechemea. Hata akiambiwa na ndugu yake kwamba ng'ombe huyu ni mzima, bado atamzunguka mara mbili. Walakini mtu yule yule, akienda kununua motokaa ambayo thamani yake ni zizi zima la ng'ombe, huifikia jioni, huiona inang'aa, hupiga teke gurudumu moja, kisha hutoa fedha. Wazee walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Mkakasi ni kijisanduku kilichopambwa kwa rangi nzuri, na motokaa nyingine ni mikakasi yenye magurudumu manne.

Sasa nitawasimulia yaliyonipata. Mwaka 2016 sisi walimu 11 tulikuwa na chama chetu cha kuweka akiba. Kwa muda wa miaka miwili kila mmoja alitoa fedha yake kila mwezi, ili tununue gari dogo la abiria, litupatie faida, na siku ya ugonjwa litusaidie kuwapeleka wagonjwa wetu hospitali. Fedha ilipotimia walinichagua mimi niende kulitazama gari, kwa sababu mimi nilifundisha sayansi, nao walidhani kwamba mwalimu wa sayansi hadanganyiki. Nilifika kwa mwenye gari jua limekwisha kuchwa. Gari lilikuwa limeoshwa na kupakwa mafuta ya kung'arisha, nalo limesimamishwa chini ya taa ya manjano mbele ya duka. Liling'aa kama kioo. Nilitoa tochi yangu ndogo, yenye nuru ya samawati kama nuru ya umeme wa radi, nikamulika mbele, nikamulika nyuma, nikaona uzuri mtupu. Tukalipa.

Haikupita miezi sita, mvua za masika zikaanza. Siku moja nililiona pele dogo chini ya mlango wa nyuma wa kushoto, kama pele la mtu aliyeungua na moto. Baada ya juma moja yalikuwa manne. Tulimpelekea fundi mmoja mzee hapa Kitaji, Musoma, afanyaye kazi ya kunyosha bodi na kupiga rangi. Alikwaruza kidogo kwa ncha ya kisu, na kipande cha rangi kikaanguka pamoja na puti nene kama kidole, na nyuma yake bati lilikuwa limeliwa na kutu hata mtu angeweza kupitisha penseli. Gari lile lilikuwa limegongwa zamani, likazibwa, likapakwa rangi, likauzwa kwetu. Nasi tuliliuza kwa hasara kubwa.

Katika chama chetu alikuwamo mwalimu mwenzetu, mama mmoja aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu, naye alikuwa ameweka humo akiba aliyokusudia kuezekea nyumba yake. Wengine walinung'unika, lakini yeye hakuninung'unikia. Aliniuliza maneno mawili tu. Alisema, "Mwalimu, ulitazama?" Nikamjibu, "Nilitazama, mama." Akaniuliza tena, "Uliona?" Nami sikuwa na la kujibu. Tangu siku ile nimejua kwamba kutazama ni kitu kimoja, na kuona ni kitu kingine, na kati ya viwili hivi iko nuru.

Nilirudi kwa yule fundi mzee nikamwomba anifundishe. Akaniambia, "Mwalimu, njoo usiku, maana mchana jua ni kali mno kwa kazi hii." Nilipofika alizima taa zote za banda lake, akachukua tochi yake, akaishika chini karibu na ubavu wa gari lililokuwamo, si kwa kuielekeza moja kwa moja, bali kwa kuilaza ili nuru ipite juu ya rangi kama jua la asubuhi lipitavyo juu ya shamba. Pale pale niliona mambo ambayo mchana sikuyaona: mstari mwembamba ulioachwa na karatasi ya gundi ya mpiga rangi, chembe za vumbi zilizonaswa ndani ya rangi, na mikwaruzo ya msasa chini yake. Nikamuuliza, "Mzee, mbona tochi yangu haikunionyesha haya?" Akacheka, akasema, "Tochi yako ni ya kutafutia mbuzi."

Haya basi, wasikilizaji, tuitafute tochi isiyo ya kutafutia mbuzi.

Yafaa kwanza tujue rangi ya motokaa ni kitu gani. Rangi ile si tabaka moja. Juu ya bati huja rangi ya kutangulia, inayozuia kutu na kushika vizuri. Juu yake huja rangi yenyewe, nyekundu au nyeupe au buluu. Na juu ya zote huja tabaka lisilo na rangi, linalong'aa kama kioo, ambalo mafundi huliita klia. Matabaka haya yote pamoja, kwa gari lililotoka kiwandani, kwa kawaida hayazidi sana sehemu moja ya kumi ya milimeta, yaani karibu unene wa nywele mbili za kichwa. Kitu chembamba namna hii hakionekani ubovu wake kwa nuru yo yote tu. Na magari mengi tununuayo yametumika kwanza Japani, ambako watu huendesha upande wa kushoto wa njia kama sisi. Sehemu za kaskazini za nchi ile, kama Hokkaido, huanguka theluji nyingi, na watu humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi ile hula bati kuanzia chini. Kisha gari huvuka bahari mpaka Dar es Salaam, likaendeshwa zaidi ya kilometa 1,000 kuja kwetu, na hapa likapigwa mawe na vumbi la njia zetu za changarawe. Njiani mote humo yuko awezaye kuficha jeraha kwa rangi.

Sasa habari ya tochi yenyewe. Tochi ya mkononi si kitu cha jana. Hati ya serikali ya Marekani ya kulinda uvumbuzi wake ilitolewa mwaka 1899 kwa jina la Mwingereza David Misell. Tochi za zamani zilikuwa na uzi mwembamba uliowaka ndani ya kioo, nazo nuru yake ilikuwa hafifu na ya manjano, lakini ilikuwa na rangi zote ndani yake kama nuru ya jua. Tochi za siku hizi hutumia taa za LED. Nuru nyeupe ya taa hizi ilikawia kupatikana, kwa kuwa ilihitaji kwanza nuru ya buluu iliyo kali, nayo wataalamu waliihangaikia miaka mingi. Watu watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa ajili ya kazi hiyo. Wavuvi wetu wa dagaa wanaijua faida yake: zamani usiku usio na mwezi ziwa letu lilijaa taa za karabai za mafuta ya taa, na siku hizi wengi humulika kwa taa za LED zilizojazwa nguvu za jua.

Walakini hapo ndipo penye mtego. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni taa ya buluu iliyofunikwa unga wa manjano. Buluu na manjano zikichanganyika, jicho huona weupe. Kama mtengenezaji ametumia unga duni, nuru huwa nyeupe kwa kuitazama, lakini ndani yake wekundu ni mchache. Mkimulika kitu chekundu kwa tochi kama hiyo, hugeuka kuwa cha rangi ya udongo. Mama zetu wanaonunua vitenge wanaijua siri hii bila kusoma sayansi. Muuzaji akiwaonyesha nguo mbili chini ya taa ya duka na kusema kwamba zafanana, wao hutoka nazo nje mlangoni, na nje mara nyingine huona kwamba moja imeelekea zambarau. Vivyo hivyo, mlango wa gari uliopakwa rangi upya waweza kufanana kabisa na mlango wa jirani chini ya taa moja, na kutofautiana chini ya nyingine.

Basi katika kuchagua tochi, angalieni mambo haya.

Jambo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote, ni uaminifu wa nuru kwa rangi. Wataalamu huupima kwa kipimo kinachoandikwa kwa herufi CRI, na pengine Ra, ambacho ukomo wake ni 100. Nuru ya jua huhesabiwa kuwa 100. Tochi nyingi za rahisi zina kama 70, na hazitaji kipimo hiki kabisa. Kwa kazi ya rangi tafuteni tochi iliyoandikwa 90 au zaidi. Kama haikuandikwa neno lo lote juu ya jambo hili, mjue kwamba mara nyingi mwenye kunyamaza ana sababu yake ya kunyamaza.

Jambo la pili ni rangi ya nuru yenyewe, kama ni ya manjano au ya samawati. Hii hupimwa kwa kelvini. Nuru ya balbu ya zamani ni kama 2,700. Nuru ya jua la mchana ni kati ya 5,000 na 6,500 hivi. Na tochi zenye nuru ya samawati hupita hapo. Tochi nzuri kwa kazi yetu ni ile yenye 4,000 mpaka 5,500. Ziko tochi za mafundi zenye kitufe cha kubadili nuru, mara ya manjano, mara nyeupe, na hizo ni bora, kwa kuwa mkwaruzo uliojificha katika nuru moja huenda ukajitokeza katika nyingine, na mlango uliopakwa upya hujitoa wenyewe rangi ya nuru inapobadilika.

Jambo la tatu ni wingi wa nuru, unaopimwa kwa lumeni. Hapa wengi hudanganyika. Huona karatasi ya tochi imeandikwa maelfu kwa maelfu, wakafikiri kwamba namba kubwa ndiyo bora. Kwa kukagua rangi, lumeni 200 mpaka 500 zatosha, kwa kuwa mtu husimama karibu na gari. Nuru ikizidi hurudi machoni kama mwako wa jua juu ya maji ya ziwa adhuhuri, na katika mwako huo mkwaruzo hupotea. Gari jeupe hurudisha nuru nyingi kuliko gari jeusi. Kwa hiyo tafuteni tochi iwezayo kupunguzwa na kuongezwa.

Jambo la nne ni umbo la nuru. Kwa mikwaruzo midogo tumieni nuru inayotoka mahali padogo, kama nukta, isiyofunikwa kioo cha ukungu. Kwa mabonyeo, nuru iliyo ndefu kama fimbo ndiyo ifaayo; mkiisimamisha mbele ya ubavu wa gari mtaona mstari wake umeakisiwa katika rangi. Mahali bati lilipo sawa, mstari hunyoka. Mahali palipobonyea au palipozibwa vibaya, mstari hupinda kama nyoka. Asiye na taa ndefu asihuzunike. Nguzo ya umeme, au ukingo wa nyumba ulioakisiwa katika gari mchana, utamfanyia kazi hiyo bila malipo.

Jambo la tano ni betri na uimara. Wenye viwanda wengi hupima muda wa kuwaka mpaka nuru ishuke kufikia sehemu moja ya kumi ya ile ya mwanzo. Basi tochi iliyoandikwa saa 10 haina maana kwamba itawaka kwa nguvu saa 10. Tochi za betri za kawaida zina faida huku kwetu, kwa kuwa betri zake hupatikana hata katika duka la kijijini. Tochi za betri za lithiamu zina nguvu zaidi na hujazwa tena, lakini zisijazwe kitandani wala juu ya majani makavu, wala betri iliyovimba isitumiwe tena, maana yaweza kuwaka moto. Na tochi yo yote iliyo kali isielekezwe machoni pa mtu, hasa mtoto.

Sasa utauliza, "Mwalimu, nikiwa dukani, wala sijui kusoma herufi hizi, nitaijuaje tochi njema?" Jaribu hivi. Imulike kiganja chako. Nuru njema itakionyesha chekundu chenye damu na uhai. Nuru duni itakionyesha kama kiganja cha mgonjwa. Kisha imulike kanga nyekundu na jani bichi. Mwisho, punga vidole vyako upesi mbele ya nuru. Ukiviona vimekatika katika vipande vingi, jua kwamba nuru ile huwaka na kuzimika upesi upesi, nayo huchosha macho.

Nanyi wanafunzi, nina jaribio lenu la kufanya nyumbani. Usiku lazeni tochi sakafuni katika chumba chenye giza, nuru ikipita sawa na sakafu. Mtashangaa, maana kila chembe ya mchanga itatupa kivuli kirefu, na sakafu mliyosema imefagiwa itaonekana kama jangwa la mawe. Kisha isimamisheni tochi juu, ielekee chini moja kwa moja, na chembe zitatoweka. Hiyo ndiyo siri ya kulaza nuru. Jaribio la pili: chukueni kifuniko cha sufuria kinachong'aa, mkimulike kwa nuru ya nukta. Mtaona mikwaruzo imepangwa kama duara kuizunguka nuru, mithili ya utando wa buibui. Lakini sogezeni tochi, na duara nayo itasogea! Mikwaruzo haikusogea. Imekwenda pande zote bila mpango, ila ile tu iliyokaa kwa kuikingama nuru ndiyo huirudisha machoni penu, nayo kwa pamoja hufanana na duara. Utando huo huo ndio mtakaouona juu ya gari ambalo mwenyewe hulifuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Vumbi letu lina mchanga, na mchanga hukwaruza. Basi kwanza mwageni maji, ndipo mfute.

Haya, tochi imepatikana, tukakague gari. Gari lioshwe kwanza, likaushwe, kisha lifutwe mafuta ya kung'arisha, kwa kuwa mafuta hujaza mikwaruzo na kuificha kwa siku chache. Mahali pawe pa kivuli, au iwe usiku na taa nyingine zimezimwa. Taa ya manjano ya barabarani isiaminiwe kamwe. Ukaguzi mwema huanza mbele, ukalizunguka gari lote, sehemu moja baada ya nyingine, bila kuruka: boneti, madigadi, milango, paa, na chini ya milango. Tochi ishikwe mbali kidogo na bati, kama urefu wa mkono, isogezwe polepole, na jicho nalo lisogee, kwa kuwa gari lenye rangi ya chembe zinazometameta hubadilika kwa kila upande utazamapo.

Mtaona nini? Utando wa buibui ni jambo dogo. Huondolewa kwa kusuguliwa na fundi. Mkwaruzo usionasa ukucha nao mara nyingi huishia katika klia. Mkwaruzo unaonasa ukucha umeingia ndani, nao utahitaji rangi. Tazameni uso wa rangi jinsi ulivyo kama ganda la chungwa, wenye vijishimo vidogo. Hata magari mapya huwa nao, lakini mlango mmoja ukiwa na ganda lililo tofauti na la wenzake, mlango huo ulipakwa rangi baadaye. Mulikeni mipira ya madirishani na milangoni. Chembe za rangi juu ya mpira hazikutoka kiwandani. Mulikeni vichwa vya skrubu za boneti na za madigadi. Rangi yake ikiwa imechunika, zilifunguliwa. Pele, hata likiwa dogo kama punje ya ulezi, lisidharauliwe, kwa maana mara nyingi chini yake pana kutu. Na mkishuku puti, fungeni sumaku ndogo kwa kitambaa laini mkaipitishe. Penye puti nene haishiki. Ila mjue kwamba haishiki pia penye plastiki wala aluminiamu, hata kama ni nzima.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Magari mengi ya Japani huuzwa kwanza katika minada ya huko, na mkaguzi wa mnada huandika karatasi yenye picha ya gari na herufi. Herufi A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali palipotengenezwa, S ni kutu, na XX ni sehemu iliyokwisha kubadilishwa; namba ikifuata, kwa jumla iliyo kubwa huonyesha ubovu uliozidi. Mwombeni mwenye gari karatasi hiyo, mkaishike mkono mmoja na tochi mkono wa pili. Karatasi ikisema mlango mzima na tochi ikasema umepakwa, basi kuna neno lililotokea baada ya mnada, nanyi mna haki ya kuuliza.

Lakini nisije nikawafanya watu wa kushuku kila kitu. Rangi mpya si dhambi. Gari laweza kuchubuliwa na tawi la mti, mwenyewe akalipaka vizuri, na likadumu miaka mingi. Ubaya si kupaka rangi, ubaya ni kuficha. Mwenye gari akikwambia mwenyewe, "Mlango huu uligongwa nikautengeneza," na tochi ikakuonyesha kazi safi, huyo ni mtu wa kununua kwake. Akikataa usimulike, au akiharakisha kwa kusema kwamba mnunuzi mwingine yuko njiani, mwache amngoje huyo mnunuzi. Na hata gari likiwa na kasoro, si lazima uliache. Huenda ukapunguziwa bei kwa kadiri ya kazi itakayohitajika. Wala msisahau kwamba tochi huonyesha rangi tu. Injini, breki na chesi vina ukaguzi wake, nao ni kazi ya fundi wake.

Mwisho nitawaambia neno la furaha. Mwaka 2019 chama chetu kilikusanya fedha tena, ingawa polepole, nao wenzangu, kwa hisani yao, wakanituma mimi tena. Yule mama alikuwa amekwisha kustaafu, lakini alikuja tufuatane. Tulikwenda na fundi mzee wa Kitaji na tochi yake. Gari la kwanza tulilikataa, na la pili, na la tatu. La nne lilikuwa na mikwaruzo mingi, halikung'aa hata kidogo, na mwenyewe alituonyesha kila mmoja bila kuulizwa. Mama alichukua tochi mkononi mwa fundi, akailaza mwenyewe juu ya milango yote minne, akanirudishia, akasema, "Mwalimu, hili nimeliona." Tukalinunua. Halikuwa zuri kwa kulitazama, lakini lilitufanyia kazi, na bati lake halikutoa pele masika yale wala yaliyofuata.

Basi wasikilizaji wangu, yeyote kati yenu aendaye kununua motokaa, au pikipiki, au hata mashua iliyopakwa rangi mpya kule Mwigobero, asiende na fedha peke yake. Aende na mtu ajuaye kazi, aende na subira, na mkononi awe na nuru iliyo aminifu. Kwa herini.